Dar es Salaam Kongwe Iko Pembezoni

Mgeni akitaka kuonyeshwa historia ya Dar es Salaam hupelekwa Posta. Ataiona Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, makanisa yaliyojengwa wakati wa Wajerumani, Boma la Kale karibu na bandari na Makumbusho ya Taifa. Yote hayo ni mazuri, na yote yanatembeleka kwa miguu ndani ya asubuhi moja. Lakini mtu akiishia hapo ataondoka akiamini kwamba jiji hili lilianza na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, wakaja Wajerumani wakaliendeleza, kisha Waingereza wakalirithi.

Historia hiyo ni ya kweli, ila imeanzia katikati. Majid aliijenga bandari yake kando ya Mzizima, kijiji cha wavuvi kilichokuwa na wenyewe. Masimulizi ya wazee wa Kizaramo yanamtaja Pazi Kilama, aliyetoka bara na kuwasaidia Washomvi wa pwani kuwashinda Wakamba. Baada ya ushindi, watu wa pwani wakakubali kutoa ada kwa jamaa zake. Majid alipofariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash hakuushughulikia mji ule, ukadorora. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Miji na vijiji vilivyoizunguka bandari hiyo vilikuwepo kabla ya yote haya, na Dar es Salaam ya leo, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, imevimeza kimoja baada ya kingine.

Kuvifikia kunataka gari la kukodi. Daladala na mwendokasi hufuata barabara kuu; makaburi ya kale, misheni za kwanza na bandari za mashua ziko mwisho wa njia za vumbi, tena kila moja upande wake. Chukua gari lenye dereva anayeijua Dar, elewana naye bei ya kutwa nzima na nani atalipia mafuta, kisha ondokeni alfajiri kabla foleni haijashika.

Kaskazini: Kunduchi

Fuata Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, pita Mwenge, uingie Barabara ya Bagamoyo. Ukifika Mtongani kata kulia kuelekea Kunduchi Pwani. Hapo, kati ya mibuyu, yapo magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na karibu yake makaburi ya nguzo, mengi yakiwa ya karne ya 18 na ya 19.

Simama mbele ya nguzo hizo uzitazame vizuri. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na katika baadhi yake utaona mashimo ya mviringo palipopachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Watu waliowazika wafu wao namna hiyo walikuwa na mali, walikuwa na mafundi, na biashara ya Bahari ya Hindi iliwafikia mlangoni. Ni ustaarabu uleule wa Kilwa, Kaole na Gedi, tena upo ndani ya Wilaya ya Kinondoni, ambako watu huenda zaidi kufuata mahoteli ya ufukweni.

Ukigeuka kutazama bara utauona mlima wa Wazo, ambako kiwanda cha saruji kimekuwa kikizalisha tangu mwaka 1966. Saruji hiyo inatokana na chokaa ya matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Jiwe la pwani lililojenga msikiti wa Kunduchi ndilo lililoijenga Dar es Salaam ya maghorofa.

Magharibi: Pugu

Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, inapita Tazara, uwanja wa ndege na Gongo la Mboto hadi kwenye vilima. Hewa hubadilika, na msitu unaanza. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mimea na viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Umeliwa sana na wachoma mkaa, lakini bado umesimama, na kwa jiji kubwa hivi hiyo ni bahati ya kutunzwa.

Wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walianzisha kituo Pugu mwaka 1888. Mwaka huohuo pwani iliamka kupinga utawala wa kampuni ya Kijerumani, Abushiri bin Salim akiwa miongoni mwa viongozi. Januari 1889 kituo cha Pugu kilivamiwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa na wengine walichukuliwa mateka. Waliobaki waliianza kazi upya mjini, na Kanisa la Mtakatifu Yosefu tunaloliona leo mbele ya bandari ni matunda ya uamuzi huo.

Baadaye Kanisa Katoliki lilirudi Pugu na shule, Chuo cha Mtakatifu Fransisko, ambako Julius Nyerere alifundisha baada ya kurejea kutoka Edinburgh mwaka 1952. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Nyerere, rais wake, alikuwa bado mwalimu wa Pugu. Mikutano ya chama ilikuwa mjini, zaidi ya kilomita 20 kutoka darasani kwake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi akaacha ualimu. Ukirudi mjini, mwombe dereva apitie Magomeni, mtaa wa Ifunda, ilipo nyumba aliyoishi miaka ya kupigania uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Nyumba ni ndogo. Kila kijana wa Kitanzania anastahili kuiona, ajue uongozi wa nchi hii ulianzia chumba cha ukubwa gani.

Kusini: Mbwamaji

Kigamboni unaweza kuvuka kwa pantoni ya Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Ukishavuka, shika njia ya Mjimwema hadi Gezaulole, kata ya Somangila. Gezaulole ilijulikana miaka ya 1970 kama kijiji cha ujamaa, lakini kando yake ndipo ilipokuwa Mbwamaji, mji wa Waswahili uliokuwa na msikiti, makaburi ya mawe na biashara ya mashua wakati Mzizima ikiwa bado kijiji tu. Baada ya Majid kuichagua bandari ya jirani, meli na misafara ikahamia huko, na Mbwamaji ikabaki na wavuvi wake na wafu wake.

Ukifika, usivamie. Piga hodi kwa serikali ya mtaa, eleza nia yako, uongozwe na mwenyeji. Makaburi hayo bado yana watu wanaoyadai kuwa ya babu zao. Wazee wa hapo wanasimulia mengi ambayo hayajaandikwa popote.

Kabla wapima viwanja hawajafika

Kunduchi, Pugu na Mbwamaji ziko kwenye maeneo ambako ardhi inauzwa haraka. Kunduchi nyumba zimeshayasogelea magofu. Mnunuzi wa kiwanja anaona mawe tu. Hana wa kumwambia kwamba amesimama juu ya kaburi la karne ya 18. Kutangaza mahali kuwa urithi wa taifa hakutoshi iwapo hapana uzio, mlinzi wala kibao cha kumwelekeza mpita njia.

Halmashauri za jiji zina uwezo wa kuweka vibao hivyo kwenye barabara kuu tatu. Shule zina uwezo wa kupeleka wanafunzi Kunduchi kama zinavyowapeleka Bagamoyo. Na wewe msomaji unayeishi Sinza, Mbagala au Tabata, changishaneni na jamaa zako fedha za kukodi gari la Jumapili moja, mwende na watoto. Mahali panapotembelewa huwa na watetezi siku mpima viwanja anapokuja.