Kutoka Sheria ya 1954 Hadi Kanuni za Michuki: Historia ya Kusimamishwa na Trafiki Nchini Kenya

Mamlaka ya polisi kusimamisha gari kwa kosa dogo ni makongwe kuliko Jamhuri ya Kenya yenyewe. Yamo katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyotungwa mwaka 1953 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1954, nchi ikiwa bado koloni na ikiwa chini ya hali ya hatari. Kifungu cha 105 kinampa polisi aliyevaa sare uwezo wa kusimamisha gari lolote, kuliingia na hata kuliendesha ili alikague. Kifungu cha 55 kinakataza gari bovu lisitumike barabarani. Taa ya nyuma isiyowaka, tairi lililoliwa hadi likawa kipara, breki zinazovuta upande mmoja, indiketa iliyokufa: dereva wa leo anayeonyeshwa mkono kwa mojawapo ya makosa haya anahukumiwa kwa maneno yaliyoandikwa kabla babu yake hajamiliki baiskeli.

Wakati huo usafiri wa umma jijini Nairobi ulikuwa wa mabasi ya kampuni ya KBS, yaliyoanza kazi mwaka 1934 na baadaye kupewa haki ya pekee ya kubeba abiria mjini. Waafrika waliohamia Nairobi kwa wingi baada ya uhuru waliishi mitaa ambayo mabasi hayo hayakufika au yalipita kwa nadra. Pengo hilo lilizibwa na wenye magari makuukuu, waliotoza senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10, na ndipo lilipotoka jina la matatu. Kisheria walikuwa maharamia. Polisi waliwakamata kwa kubeba abiria bila leseni ya Bodi ya Leseni za Uchukuzi, TLB, na hali ya gari ilikuwa kosa la ziada tu.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliamuru matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya TLB, mradi ziwe na bima na zifuate sheria za barabarani. Mwanahistoria Kenda Mutongi, ambaye kitabu chake kuhusu matatu za Nairobi kilitoka mwaka 2017, anaiona sekta hii kama biashara iliyochipuka nyumbani, bila mkono wa serikali wala wafadhili, na kwa hesabu hiyo amri ya 1973 ndiyo iliyoifungulia mlango. Tathmini hiyo ni ya haki. Lakini amri hiyo ilikuwa na matokeo mengine yasiyotajwa sana. Polisi alinyang'anywa kosa kubwa la kukosa leseni, akaachiwa madogo: taa, tairi, kioo kilichopasuka, idadi ya abiria. Tangu siku hiyo, kasoro hizo ndogo zikawa kamba pekee ambayo serikali iliishikia sekta nzima ya uchukuzi. Na matatu za miaka hiyo, zilizoundwa kwa kuungaunga mabati juu ya pikapu, hazikukosa kasoro. Karibu kila moja ingeweza kusimamishwa wakati wowote na kukutwa na kosa la kweli.

Sheria ya mwaka 1984 ilirudisha leseni na kudai kila matatu ikaguliwe kila mwaka. Haikubadilisha hali barabarani, kwa sababu hesabu ya dereva ilibaki ileile. Akikubali kosa kihalali, anaandikiwa mashtaka, gari linapelekwa kituoni, na siku nzima au zaidi inapotea akisubiri zamu yake mbele ya hakimu. Kwa gari linalodaiwa na mwenyewe kiasi maalumu kila jioni, siku iliyopotea ni hasara kuliko faini yenyewe. Kitu kidogo, yaani hongo, kilikuwa rahisi. Kondakta alijifunza kukunja noti na kuifumbata kiganjani, ikabadili mikono bila neno, na gari likaendelea na safari likiwa na tairi lilelile la kipara. Hapa ndipo lilipo jeraha kubwa la historia hii: gari lilisimamishwa kwa sababu ya usalama, likaachiliwa likiwa hatari kama lilivyokuja, na abiria aliyekuwa ndani ndiye aliyelipa, kwanza kwa nauli na wakati mwingine kwa uhai wake. Madereva nao walijenga ushirika wao, wa kuwashiana taa wanapopishana ili kuonyana kwamba mbele kuna askari.

Mapumziko mafupi yalikuja mwanzoni mwa mwaka 2003. Mwai Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002 katika bustani ya Uhuru, akiahidi vita dhidi ya ufisadi, na wananchi wakamchukulia kwa neno lake. Katika wiki zilizofuata magazeti yalijaa habari za abiria waliomkataza kondakta kutoa hongo, wakashuka garini na kumzingira askari aliyeiomba. Wengine walimkamata na kumpeleka kituoni wao wenyewe. Kwa muda huo mfupi, tendo la kusimamishwa liligeuka: aliyepaswa kujieleza ni mwenye kofia. Hakuna sheria mpya iliyokuwa imepitishwa. Kilichobadilika ni kwamba abiria waliacha kutazama dirishani noti ilipokuwa ikitolewa. Ari hiyo haikudumu mwaka, na ni hasara kwamba hakuna taasisi iliyojengwa juu yake.

Kutoka katika ari hiyo ndipo alipochomoza John Njoroge Michuki, mbunge wa Kangema na Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Michuki hakuwa kijana wala mwanaharakati. Alianzia katika utawala wa wilaya, akawa katibu wa kudumu katika Wizara ya Fedha, kisha mwenyekiti wa benki ya KCB, na alizoea kutoa agizo mara moja. Barabara za Kenya zilikuwa zikiua karibu watu 3,000 kwa mwaka. Oktoba 2003 alichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali Notisi ya Kisheria nambari 161, ambayo wananchi hawakuwahi kuiita kwa nambari. Waliiita Kanuni za Michuki.

Notisi hiyo inafaa kusomwa kwa makini, maana imeandikwa na watu walioijua barabara. Kila gari la abiria na kila lori zito lilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kinacholizuia kuvuka kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Matatu aina ya Nissan zilizokuwa zikibeba watu 18, na mara nyingi zaidi, zishushwe hadi 14, na asiwepo abiria wa kusimama. Kila matatu ichorwe mstari wa njano ubavuni na kuandikwa njia inayofuata. Dereva avae sare ya buluu na kondakta sare ya rangi ya damu ya mzee, wote wawe na beji na cheti cha mwenendo mwema, na picha ya dereva ibandikwe ndani ya gari. Waajiriwe kwa mshahara, wasilazimike kukimbizana na hesabu ya siku.

Ubora wa kanuni hizo haukuwa katika ukali wa adhabu. Ulikuwa katika jambo moja ambalo wachambuzi wengi walilipita: sehemu kubwa ya makosa yaliletwa nje, yakaonekana kwa macho. Kabla ya hapo polisi alihitaji kuinama chini ya gari, kubonyeza breki na kufungua boneti, na katika upekuzi huo ndimo mazungumzo ya faragha yalimofanyika. Sasa mtoto wa shule aliyesimama kituoni aliweza kuona kama gari lina mstari, kama kondakta ana sare, kama kuna mtu amesimama. Kosa lilionekana na umma mzima, na sababu ya kusimamishwa ikaacha kuwa siri ya watu wawili.

Wenye matatu walipinga kwa nguvu. Vidhibiti mwendo na mikanda viliadimika madukani na bei zikapanda, huku viti vinne vikiondolewa katika kila Nissan, na viti hivyo ndivyo vilivyokuwa faida ya mwenye gari. Waliomba muda zaidi. Michuki alikataa. Tarehe ya mwisho ikawa ukingoni mwa Januari 2004, na kanuni zikaanza kutumika tarehe 1 Februari, siku ya Jumapili.

Jumatatu iliyofuata Nairobi iliamka bila matatu. Magari yasiyotimiza masharti yalibaki nyumbani, mengine yakagoma kwa makusudi ili serikali ilegee, na machache yaliyotoka yalipandisha nauli. Maelfu kwa maelfu walitembea kwa miguu kwenda kazini kupitia Thika Road, Jogoo Road na Ngong Road, wakarudi jioni kwa miguu vilevile. Hali ilikuwa hiyohiyo katika miji mingine. Wenye magari walitarajia kwamba jasho la abiria lingemgeukia waziri, kwa kuwa migomo ya zamani ilikuwa imefaulu kwa njia hiyo. Safari hii hesabu yao ilikosea. Wengi wa waliotembea waliwaambia waandishi wa habari kwamba wako radhi kutembea kuliko kufa barabarani. Michuki hakusogeza tarehe hata siku moja, na katika wiki zilizofuata matatu zilirudi kidogo kidogo, zikiwa na mistari ya njano mibichi na mikanda inayong'aa.

Miezi ile ya mwanzo ndiyo inayostahili kukumbukwa kwa fahari. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba ajali zilishuka sana. Muziki ulipungua sauti, michoro iliyofunika magari ikafichwa chini ya rangi, na abiria akajua kwamba kiti chake ni chake peke yake. Polisi waliwakamata pia abiria wasiofunga mikanda, jambo lililowashangaza watu waliozoea kuamini kwamba makosa ya gari ni ya dereva.

Kulegea kulianza mahali ambapo jicho la umma halikufika. Kidhibiti mwendo ndicho kifaa pekee katika orodha nzima kisichoonekana kutoka nje, na ndicho kilichochezewa kwanza: mafundi waliwauzia madereva ujanja wa kukizima na kukiwasha kwa swichi iliyofichwa. Mkanda ulifuata. Ulichakaa, ukawa mweusi kwa mafuta, abiria wakaacha kuugusa kwa kuogopa kuchafua nguo, na kondakta akawa anawakumbusha kuufunga pale tu kizuizi cha polisi kilipoonekana. Mstari wa njano, sare na beji vilibaki, lakini navyo vikageuzwa kazi. Kila kitu alichokidai Michuki kwa ajili ya usalama kilikuwa pia sababu mpya ya kusimamisha gari, na mrithi wake wizarani hakuwa na hamu yake ya kufuatilia kilichotendeka baada ya gari kusimama. Michuki alihamishiwa Usalama wa Ndani mwaka 2005. Alifariki Februari 2012 akiwa Waziri wa Mazingira.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa kwa ufupi. Mwaka huohuo wa 2012 Bunge lilipandisha faini za trafiki na kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Mwaka 2016 zilitungwa kanuni za makosa madogo, zikiweka bei inayojulikana kwa kila kosa ili dereva aandikiwe notisi na kulipa bila kufika mahakamani. Kuzidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni shilingi 500, kwa kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na kwa kilomita 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Hili lilikuwa wazo bora kuliko yote tangu 2004, kwa sababu lilikata mzizi wenyewe wa hongo, yaani siku inayopotea kortini. Utekelezaji wake ulisuasua kwa miaka, na askari na dereva wakabaki na njia yao ya zamani. Mwaka huohuo wa 2016, maafisa wa trafiki walipohojiwa na Tume ya Kitaifa ya Huduma za Polisi, taarifa zao za M-Pesa zilifichua fedha zilizotumwa na maafisa wa vyeo vya chini kwenda kwa wakubwa wao, fedha ambazo wengi walishindwa kuzieleza. Noti iliyokunjwa ilikuwa imepata kumbukumbu ya maandishi.

Januari 2018, baada ya mfululizo wa ajali mbaya za Desemba, Rais Uhuru Kenyatta aliiondoa NTSA barabarani na kuwarudishia polisi wa trafiki kazi yote ya kusimamisha magari. Tarehe 12 Novemba mwaka huo mawaziri Fred Matiang'i wa Usalama wa Ndani na James Macharia wa Uchukuzi walianza kuzitekeleza upya Kanuni za Michuki. Matatu ziligoma, nauli zikapanda, na wafanyakazi wa Nairobi wakatembea tena kwa miguu. Mamia ya magari yalizuiliwa vituoni kwa kukosa mikanda, vidhibiti mwendo na mistari ya njano, vitu ambavyo sheria ilikuwa imevidai kwa karibu miaka 15. Msako ulififia baada ya wiki chache. Mstari wa njano ungali ubavuni mwa matatu nyingi, na mikanda mingi imelala nyuma ya viti, mingine ikiwa imekatwa ndimi zake, katika magari yanayosimamishwa kila asubuhi na kuruhusiwa kuendelea.