Breki Iliyokatwa: Historia ya Kipimo Tunachokionea Haya



Siku za singo tunafundishana mengi: udi, liwa, kumtunza mume. Shingo ya kizazi hatuitaji. Leo tuitaje, kwani historia ya kipimo chake inaanzia kwa mke wa mtu.

Mwaka 1928 daktari Mgiriki aliyehamia Marekani, George Papanicolaou, alieleza kuwa seli za saratani zinaonekana kwa darubini kwenye ute wa mwanamke. Aliyekuwa akimpa ute wa kuchunguza kwa miaka mingi ni mkewe, Mary. Ndipo kikapatikana kipimo cha Pap.

Seli zilizobadilika zilionekana, sababu yake ikabaki kitendawili. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake, Ujerumani, walitangaza kuwa wamekikuta kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya saratani hiyo. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kirusi hiki hufanya nini? Seli yenye afya ina breki. Protini iitwayo Rb huizuia isigawanyike ovyo, na p53 huisimamisha inapoharibika. HPV huleta protini zake mbili: E7 huikamata Rb, E6 huiangamiza p53. Seli ikienda mbio hivyo, hutoa kwa wingi breki nyingine, p16. Lakini p16 hufanya kazi kupitia Rb, na Rb imeshakamatwa. Ni sawa na kukanyaga breki iliyokatika waya. Ndiyo maana maabara huipaka rangi p16 kwenye kinyama kilichokatwa: ikijaa, ni dalili ya mabadiliko mazito, ambayo bado si saratani na yanatibika.

Sasa tusikilizane. HPV hupita kwa kujamiiana, na huweza kukaa kimya miaka mingi. Basi majibu ya leo si ushahidi wa zinaa, wala si sababu ya talaka. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe; kikiganda ndipo hatari huanza, nayo huchukua miaka. Muda huo ndio nafasi yetu.

Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja mabinti wa miaka 14 nchi nzima. Sisi tuliokwisha kuolewa tunacho kipimo cha siki, cha dakika chache, na unaweza kuomba upimwe na mwanamke mwenzako.

Stara ni kuusitiri mwili, si kuuficha ugonjwa. Tukapimeni, inshaallah.