Kumung'unya: Istilahi ya Furaha Ndogo za Kipupwe

Kiswahili kilikulia kwenye joto, na msamiati wake wa raha unatoboa siri hiyo. Moyo ukipata jambo jema, umeburudika. Ngoma na taarabu ni burudani. Maneno hayo yana asili moja na neno baridi, yote yakitoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu. Aliyekasirika akitulia, amepoa, aliyechoka huenda kupunga upepo, na kijana akiulizwa "Mambo?" hujibu "Poa." Lichukue jibu hilo ulipandishe hadi Gitting mwezi Julai, saa kumi na mbili asubuhi. Umkute anayelitamka amevaa koti juu ya sweta, mzula umemshuka hadi kwenye nyusi, mikono ameificha kwapani. Ni poa kwelikweli.

Gitting iko wilayani Hanang, mkoani Manyara, kwenye miteremko ya Mlima Hanang ambao kilele chake kinapita mita 3,400. Ni nchi ya Wairaqw na Wabarabaig, ya mahindi, maharage, ngano na ng'ombe. Masika yakiisha mwezi Mei, kipupwe kinaingia na upepo wake, na ukungu unaoukalia mlima, na usiku unaodai blanketi la pili. Hapo raha inageuka upande wa pili. Kivuli hakitafutwi, kinakimbiwa. Asubuhi watu wanaota jua wameegemea ukuta unaotazama mashariki, jioni wanaota moto. Kikombe cha chai ya maziwa hushikwa kwa viganja viwili, kishikio kikibaki bila kazi. Kiazi kilichofukiwa kwenye majivu hurushwa kutoka kiganja hiki hadi kile kabla ya kumenywa, na huko kurushwarushwa ni nusu ya utamu wake.

Kinachonishughulisha hapa ni jambo analofanya huyo mwenye kikombe, maana wanasaikolojia wamelipa jina. Fred Bryant wa Chuo Kikuu cha Loyola mjini Chicago na Joseph Veroff wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa kitabu mwaka 2007 kilicholisimika neno la Kiingereza "savoring" kuwa istilahi ya taaluma. Hoja yao ni kwamba saikolojia ilijua mengi kuhusu namna watu wanavyokabiliana na mabaya, lakini ilikuwa imezungumza machache kuhusu stadi ya kuyapokea mema. Jema kukufikia ni jambo moja. Kulitambua, kulipa nafasi na kulirefusha ni jambo jingine, na si kila aliyefikiwa na la kwanza hufanya la pili.

Chukua watu wawili wanaoota moto mmoja. Wa kwanza amepata joto, mwili umeacha kutetemeka, lakini mawazo yake yako kwenye deni la mbolea. Wa pili amepata joto lilelile na anajua kwamba analipata: anasikia mgongo ungali baridi ilhali magoti yanaungua, anasikia harufu ya moshi kwenye shuka, anasogea kidogo ili ajue tofauti. Miili yao imepokea kitu kimoja. Istilahi inamhusu wa pili tu. Tena haimhusu wakati ule peke yake, kwa sababu Bryant na Veroff wanasema tendo hili lina nyakati tatu: mtu huanza kulifaidi jema kabla halijafika, hulifaidi likiwapo, na hulifaidi tena kwa kulikumbuka. Anayetoka mnadani Katesh jioni na kibaridi kimemshika masikio, akiwaza chungu alichokiacha jikoni, tayari ameshaanza.

Sasa tumwiteje kwa Kiswahili?

Mfasiri mwenye haraka atashika kufurahia. Neno hilo haliko mbali, ila linataja matokeo na kukiacha kile kinachoyazalisha. Wote wawili pale motoni wanaweza kusema wamefurahia. Kuburudika nimeshaeleza linakotoka. Kustarehe limechafuliwa na "mambo ya starehe", yaani baa na fedha za kutapanya, na anayekula kiazi cha majivu hastahili shutuma hiyo. Kufaidi, ambalo nimelitumia hapo juu kwa kukosa jingine, lina jicho la jirani ndani yake: "Mmefaidi!" ni kauli ya aliyekosa. Kunogewa linasogea karibu sana, kwani aliyenogewa na chai haachi kikombe. Lakini kunogewa ni jambo linalokupata. Umbo lenyewe la kitenzi linakuweka mahali pa kutendwa, na istilahi yetu inataka mtenda. Kukolea ni sifa ya chai, si ya mnywaji. Kuonja ni ncha ya ulimi tu, kisha safari.

Mimi nachagua kumung'unya. Ni kula kitu kwa kukizungusha mdomoni bila kukitafuna, kiyeyuke polepole, kama afanyavyo mzee asiye na meno au mtoto mwenye pipi. Bibi humwambia mjukuu, "Usiitafune, mume wangu, imung'unye, itadumu." Fikra yote ya wanasaikolojia wale imo ndani ya onyo hilo: utamu ambao tayari unao, hamu ya kuumaliza, uamuzi wa kutoumaliza, na muda unaonunuliwa kwa uamuzi huo. Tena kitenzi kinanyumbulika bila kulazimishwa: umung'unyaji kwa tendo, mmung'unyaji kwa mtu. Utaratibu unaofuatwa na wana-istilahi wetu, BAKITA wakiwamo, unataka mtu aanze kutafuta ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho ndipo abishe hodi ugenini. Hili tumelipata kabla hata ya kutoka nyumbani.

Pingamizi ninalifahamu. Kumung'unya maneno ni kusema kwa kufichaficha, na msemaji wa hadhara huambiwa asimung'unye maneno, aseme. Je, neno halitakuja na najisi hiyo? Sidhani. Maana ya kuficha inategemea yambwa yake. Ondoa maneno, weka furaha, na msikilizaji anarudi moja kwa moja kwenye mdomo na utamu. Lugha imejaa vitenzi vinavyoishi hivi. Kumeza ni kitendo cha heri kwa mgonjwa anayemeza dawa, na ni aibu kwa mwanafunzi anayemeza notisi.

Wengine watauliza kwa nini tusikope "hygge" ya Wadenmark, neno lililosambaa duniani kuanzia mwaka 2016 kwa vitabu vya mishumaa na soksi za sufu, au "kos" ya Wanorwei. Wanorwei si wageni wa mbali huku: hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa na wamisionari wao mwaka 1955. Lakini maneno hayo yanataja hali ya mahali na watu waliokaa pamoja humo, kwa hiyo ni jina la mandhari. Kumung'unya ni jina la tendo. Mtu anaweza kukaa ndani ya mandhari hiyo usiku kucha bila kumung'unya chochote, hasa akiwa na simu mkononi.

Kinachonivutia zaidi katika utafiti wa Bryant na Veroff ni orodha ya mbinu, kwa sababu nyingi hazihitaji kufundishwa Gitting. Moja ni kulishiriki jema na wengine kwa kulitamka. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka na waliohudhuria wakimwitikia, ikiomba baraka kwa watu, mifugo na nchi. Siiti slufay mbinu ya saikolojia, huko ni kuishusha hadhi. Nasema tu kwamba watu waliokaa wakalitamka jema kipande kwa kipande, na kuliitikia kila kipande, hawalimezi zima. Mbinu nyingine ni kukumbuka kwamba jambo litapita. Hii inashangaza, maana tungedhani wazo la mwisho linaharibu utamu. Linaufanya ukolee. Mwenye kuni tatu zilizobaki huutazama moto kuliko mwenye mzigo mzima.

Orodha hiyo ina pia kinyume chake, mawazo ya kujitilia nyongo: kukaa kwenye jema huku ukihesabu kilichopungua. Ila hapa nawawekea wanasaikolojia mpaka, kwa sababu si kila hofu ni nyongo. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani na madirisha yakafungwa, kaboni monoksidi hujaa bila harufu, na waliolala hawaamki. Anayelitoa jiko nje kabla ya kulala haharibu raha ya mtu. Na tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Mvua juu ya bati, ambayo kwingine ni wimbo wa kulalia, kwa baadhi ya kaya za wilaya hii haitamung'unyika kwa miaka mingi, na hojaji yoyote itakayowapa alama ndogo kwa hilo itakuwa imepima kitu kingine.

Kwani huko ndiko istilahi inakokwenda hatimaye, kwenye hojaji. Bryant alitunga kipimo ambacho watu hujibu wakisema kama wanaamini wana uwezo huo au hawana, na siku kikitafsiriwa kwa wasomaji wa Kiswahili, mfasiri hatakuwa na nafasi ya makala nzima. Atakuwa na mstari mmoja. "Je, wewe huweza kufurahia mambo mazuri?" Kila mtu atajibu ndiyo, kwa adabu. "Jambo jema likikufikia, huwa unalimung'unya au unalimeza?" Hapo mzee wa Gitting ataweka kikombe chini kwanza.