Mkimbizi na Mkimbiaji: Historia ya Masafa Marefu kwa Miguu katika Arua na Koboko, Uganda

Ikisiri

Mbio za masafa marefu katika njia za misitu na milima, ambazo huzidi kilomita 42.195 za marathoni, huelezwa mara nyingi kuwa mchezo mgeni barani Afrika. Makala hii inaonesha kuwa katika Arua na Koboko masafa ya aina hiyo yalitembewa kwa miongo mingi kwa shinikizo la kodi, vita na ukimbizi. Hoja yake kuu ni kwamba kinachotenganisha mbio na mwendo wa dhiki si umbali wala ugumu wa njia, bali ni hiari ya mwendaji na uwezo wa jamii yake kuukumbuka mwendo huo.

1. Utangulizi

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92. Inaanzia karibu na mpaka wa Kongo na kuishia penye mpaka wa Sudan Kusini. Umbali huo unakaribia ule wa mbio za Comrades za Afrika Kusini, ambazo ni takribani kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Pembezoni mwa barabara hiyo kuna njia za miguu zilizoitangulia, zinazopita mashambani, vichakani na kwenye vijito ambavyo hufurika mvua inapofikia kilele chake kati ya Agosti na Oktoba. Milima miwili hutumika kama alama za njia hizo: Liru upande wa Koboko na Eti, uitwao pia Wati, upande wa Arua. Katika simulizi za asili za Walugbara, milima hiyo ndiyo mwisho wa safari za mababu wawili mashujaa: Jaki alifia Liru na Dribidu akafia Eti. Kwa hiyo, hata chimbuko la jamii linasimuliwa kama safari ya miguu.

Kiswahili chenyewe kinatoa mlango wa kuingilia mada hii. Kitenzi *kukimbia* kina maana mbili: kwenda mbio na kutoroka hatari. Kutokana nacho yamepatikana majina mawili, *mkimbiaji* na *mkimbizi*. Wa kwanza hupigiwa makofi. Wa pili huhesabiwa na kupewa hema. Historia ya Nile Magharibi inadai majina hayo mawili yasomwe pamoja.

2. Njia za kodi na kazi

Eneo la Arua lilikuwa sehemu ya Lado, ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alilikodi mwaka 1894. Baada ya kifo chake liliingizwa chini ya Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mwaka huohuo A. E. Weatherhead alianzisha kituo cha utawala Arua. Kodi ilifuata, na pamoja nayo haja ya fedha taslimu. Katika miaka ya 1920 utawala haukuwa na ari ya kuhimiza pamba katika wilaya za mbali ambazo zilitarajiwa kutoa vibarua. Mwanamume wa Arua aliyetaka shilingi ya kodi alilazimika kuifuata kusini, katika mashamba ya Buganda au ya miwa ya Lugazi na Kakira.

Safari hiyo iliunganisha miguu, malori na meli. Kutoka nyanda za juu za Arua msafiri aliteremka hadi Rhino Camp kwenye Mto Nile, akapanda meli hadi Butiaba katika Ziwa Albert, kisha akaendelea kupitia Masindi. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, na daraja la hapo likakamilika mwaka 1969. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara karibu na mwaka 1950, aliuona uhamaji huu wa vibarua kuwa jambo lililobadilisha mfumo mzima wa familia. Kwa lugha ya leo, wilaya nzima ilifanyiwa mazoezi ya masafa marefu, lakini mwishoni mwa njia palikuwa na stakabadhi ya kodi, si medali.

3. Vita na kuzaliwa kwa mbio

Mfano wa Comrades unaonesha jinsi mwendo wa dhiki unavyoweza kugeuzwa mbio. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa askari wa Afrika Kusini katika kampeni ya Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Inasimuliwa kuwa alitembea takribani kilomita 2,700 akiyafuata majeshi ya von Lettow-Vorbeck. Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 24 Mei 1921 ili kuwaenzi askari wenzake waliokufa. Hivyo basi, mbio mashuhuri kuliko zote za masafa marefu barani Afrika zilizaliwa kutokana na tope na homa za Afrika Mashariki.

Hata hivyo, Clapham hakutembea peke yake. Batalioni ya nne ya jeshi la KAR, iliyoandikishwa Uganda, ilikuwa na askari wengi Wanubi, wengine wakiwa wazao wa jeshi la Emin Pasha lililokaa Wadelai, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile. Nyuma ya kila kikosi walikuwapo wapagazi. Makadirio ya kawaida ya waliokufa upande wa Waingereza yanazidi wapagazi 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kumbukumbu zao zipo: sanamu ya Askari ya Dar es Salaam iliyosimamishwa mwaka 1927, na jina la Kariakoo linalotokana na kikosi cha wapagazi. Lakini mwendo wao haukugeuzwa mbio. Zaidi ya hayo, Waafrika weusi na wanawake hawakuruhusiwa rasmi kushiriki Comrades hadi mwaka 1975. Kwa zaidi ya nusu karne, mbio zilizokumbuka mwendo wa Afrika Mashariki zilimfungia nje mtu wa rangi ya yule aliyebeba mzigo katika mwendo huo.

4. Oktoba 1980

Utawala wa Idi Amin ulianguka Aprili 1979. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake waliingia Koboko na Arua kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi jipya la serikali, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Sehemu kubwa ya wakazi wa Nile Magharibi ilikimbilia Sudan na Zaire, wengi wao kwa miguu, katika msimu wa mvua. Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa. Maisha ya waliofika upande wa Yei yalichunguzwa na Barbara Harrell-Bond katika kitabu chake cha mwaka 1986, ambacho kilichangia kuasisi taaluma ya masomo ya ukimbizi.

Njia hizohizo zilitumika tena kwa mwelekeo wa kinyume. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, watu wa Yei na maeneo jirani walivuka kuingia Uganda na kupokewa katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi. Baadhi ya wenyeji waliowapokea walikuwa wamehifadhiwa na jamii za upande wa pili miaka thelathini na mitano kabla.

5. Helsinki 2005 na hatari ya tafsiri rahisi

Tarehe 8 Agosti 2005, Dorcus Inzikuru, mzaliwa wa Vurra, alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika Mashindano ya Dunia ya Helsinki kwa dakika 9:18.24. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake kushindania taji hilo. Mwaka 2006 alishinda pia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Hivyo, bingwa wa kwanza wa kike wa dunia katika mchezo uliotokana na mbio za mashambani za kuruka ua na vijito alitoka pale inapoanzia barabara ile ya kilomita 92.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba mwendo wa mababu ulizaa mbio za mjukuu. Hitimisho hilo halifai. Linafanana na dhana ya kikoloni kwamba watu wa Nile Magharibi waliumbwa kwa ajili ya jeshi na kazi ngumu. Kama dhiki ya miguu ingetosha kuzaa mabingwa, medali nyingi za Uganda zingetoka Arua. Badala yake, mabingwa kama Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei wametoka Sebei, karibu na mtandao wa makocha na kambi za mazoezi unaovuka mpaka hadi Kenya. Kiprotich mwenyewe alifanya mazoezi Eldoret kabla ya dhahabu yake ya London 2012. Kilichokosekana Nile Magharibi ni taasisi, si miguu.

6. Hitimisho na mapendekezo

Tangu mwaka 2022, mbio za marathoni za Rwenzori mjini Kasese zimeonesha kuwa mandhari ya pembezoni mwa Uganda yanaweza kuvuta wakimbiaji na wageni. Iwapo mpango kama huo utabuniwa kwa Arua na Koboko, historia hii inatoa mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, simulizi za waliotembea mwaka 1980 zikusanywe kabla njia haijachorwa. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo sasa ni mzee, na njia isiyo na msimulizi hubaki kuwa kichaka tu. Pili, wakimbizi waliopo washiriki kama wakimbiaji na waandalizi, si kama mandhari ya kupigwa picha. Timu ya kwanza ya Olimpiki ya Wakimbizi, Rio 2016, ilikuwa na wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya. Tatu, fedha zielekezwe kwanza kwa walimu wa michezo na mashindano ya shule, kwa kuwa tamasha la siku moja halijengi mchezo.

Mbio zitakazopita kati ya Liru na Eti bila kuwataja waliopita pale kwa lazima zitarudia kosa la mwaka 1921: kuuenzi mwendo na kumsahau mpagazi.