Kwa nini hawaanguki? Historia ya rola kosta

(Muziki unashuka)

Swali la leo limeletwa na mama mmoja aliyemkuta mwanawe akitazama video kwenye simu: watu wamefungwa kwenye vigari, wanapandishwa juu kwa reli, halafu wanaachiwa huku wakipiga mayowe. Anauliza, "Hao wanafanya kazi gani, na mbona hawaanguki?"

Mashine hiyo inaitwa rola kosta. Wewe uliyesoma Kifaransa kule Kongo au Burundi, unajua wanaiita milima ya Kirusi. Jina hilo lina sababu. Katika karne ya 17 na 18 Warusi walijenga majukwaa marefu ya mbao, wakayamwagia maji wakati wa baridi kali mpaka yakawa barafu, wakateleza. Wafaransa wakaiga, lakini kwao barafu haidumu, wakaweka magurudumu. Mwaka 1817 Paris ilikuwa na milima miwili ya aina hiyo. Cha kuchekesha, Warusi leo wanaiita milima ya Kimarekani!

Marekani ilianza na makaa ya mawe. Mwaka 1827, jimbo la Pennsylvania, ilijengwa reli ya kutoka mgodini mlimani hadi mji wa Mauch Chunk, kama kilomita 14. Mabehewa yaliteremka yenyewe. Kuyarudisha juu matupu ilikuwa kazi ya nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, nao waliteremshwa ndani ya behewa lao. Wakazoea. Ukiwaambia washuke kwa miguu, wanagoma. Mimi nawaelewa kabisa. Baadaye injini za mvuke zilichukua kazi yao, na makaa yalipopata njia nyingine, watu wakaanza kulipa ili wapande wao.

Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akajenga reli ya burudani tupu huko Coney Island, New York. Nauli senti 5, mwendo kama kilomita 10 kwa saa. Baiskeli inakupita. Kwa hiyo mama, hakuna kazi wanayofanya; wamelipa nauli ya kurudi palepale walipopandia.

Sasa kuanguka. Gari lenyewe kwa kawaida halina injini. Mnyororo hulivuta hadi kilele cha kwanza, na uzito wake ndio unaolikimbiza. Ndiyo maana vilima vinavyofuata huwa vifupi zaidi. Zamani magurudumu yalikaa juu ya reli tu, likikimbia sana linaruka, basi mafundi walilazimika kuweka miteremko ya upole. Mwaka 1919 John Miller alipata hataza ya magurudumu yanayokaa chini ya reli. Shika kamba ya kuanikia nguo, kidole gumba juu, vingine chini, kisha jaribu kuinua mkono. Umeona? Gari limeishika reli namna hiyo.

Mwaka 1959 Disneyland, California, ikaleta reli ya bomba la chuma, na chuma hupindwa utakavyo. Tangu 2010 ipo moja Abu Dhabi inayofika kilomita 240 kwa saa. Hiyo husukumwa kwa nguvu ya mashine, haisubiri mteremko.

Maswali ya wiki ijayo yaleteni studio kama kawaida.

(Muziki unapanda)