Ballistol

Ballistol ni mafuta ya matumizi mengi yaliyobuniwa Ujerumani mwaka 1904 kwa ajili ya jeshi, yafae chuma, mbao na ngozi. Yakichanganywa na maji hugeuka meupe kama maziwa, na hapo husafisha vizuri masalia ya baruti nyeusi, ile iliyotumiwa na bunduki za Mauser za 1871 walizobeba askari Waafrika wa jeshi la kikoloni la Wajerumani. Pia hukinga chuma dhidi ya kutu. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, Tanzania, mita 2,300 hivi juu ya bahari, ukungu huleta kutu upesi, hasa bunduki ikihifadhiwa ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Katika mji wa karibu wa Karatu, adui ni vumbi jekundu: mafuta yakizidi hulinasa. Ngozi yenyewe Wamaasai wameilainisha tangu zamani kwa mafuta ya wanyama.