Watu wa Birmingham na dago lao la Wales

Mji wa Birmingham hauna bahari. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja watu wake wamekuwa na pwani wanayoiita yao, nayo imo katika nchi ya taifa jingine. Makala yetu ya historia inafuatilia kambi za msimu za pwani ya Wales.

Msikilizaji uliyekulia Pemba, Vanga au Lamu huhitaji kuelezwa maana ya dago. Wavuvi wa Kojani hufunga safari kwa kufuata majira, huvuka hata mpaka wa Kenya, hupiga kambi ufukweni kwa wiki au miezi kadhaa, na pepo zikigeuka hurejea kwao. Vyombo ni vyao na nyavu ni zao, lakini ufuko ni wa wenyeji.

Desturi inayoshabihiana na hiyo imekuwapo pia katika mji wa viwanda wa Birmingham, katikati ya England. Tofauti ni kwamba mvuvi huenda dago kutafuta kazi, ilhali mfanyakazi wa Birmingham alikwenda kuikimbia.

Njia ilifunguliwa na reli. Mwaka 1867 daraja refu la mbao lilikamilishwa kuvuka mlango wa mto Mawddach, na treni zikafika Barmouth, mji mdogo chini ya milima ya Wales. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya siku za mapumziko ya mabenki, na watu wa kawaida nao wakaanza kuonja siku ya bahari. Lakini siku moja si msimu. Wengi hawakulipwa wanapopumzika, na familia ya fundi wa chuma haikuweza kukaa wiki nzima bila mshahara.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1938, kwa sheria ya likizo yenye malipo. Sheria hiyo haikumfunga kila mwajiri papo hapo, bali iliyapa mabaraza ya mishahara uwezo wa kuagiza wiki moja ya likizo. Mwaka uliofuata vita vikazuka, na fukwe nyingi zikazungushiwa seng'enge. Matunda ya sheria yalionekana baada ya mwaka 1945. Katikati ya kiangazi viwanda vilifungwa kwa pamoja, na mitaa mizima ikaelekea baharini kwa treni na mabasi. Kambi kubwa ya Butlin's karibu na Pwllheli, iliyojengwa kwanza kwa mafunzo ya wanamaji, ilianza kupokea watu wa likizo mwaka 1947.

Birmingham haikutoa wageni peke yao. Ilitoa pia nyumba za kulala wageni hao. Mwaka 1919 kampuni ya Eccles ya mjini humo ilianza kuunda karavani, yaani nyumba ndogo za magurudumu za kukokotwa na motokaa, na mwaka 1927 ikahamia kiwanda kilichojengwa makusudi kwa kazi hiyo katika eneo la Stirchley. Hivyo mji usio na bahari ukawa chimbuko la biashara iliyobadilisha sura ya fukwe za Uingereza.

Mwanzoni karavani ziliegeshwa popote mkulima aliporuhusu. Zilipozidi, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1960 iliyotaka kila kambi iwe na kibali chenye masharti. Katika kambi nyingi za likizo msimu ukapata mipaka: lango hufunguliwa mwezi wa Machi au karibu na Pasaka, na hufungwa vuli. Shabaha ni kwamba kambi isigeuke makazi ya kudumu.

Basi maisha ya huko yana mwaka wake. Machi familia hufika, hufungua madirisha kuondoa unyevu, huunganisha maji na mtungi wa gesi, na kuwasalimu majirani ambao hawakuonana nao tangu vuli. Julai na Agosti watoto hujaa ufukweni, na mvua ya Wales ikinyesha wazee hucheza karata ndani. Vuli ikifika maji humwagwa yote kutoka katika mabomba, kwani yakibaki yataganda na kuyapasua. Mwenye karavani huimiliki karavani, lakini kiwanja inapokaa ni cha mwenye kambi, na kila mwaka hulipiwa kodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko jembe ni hiyo kodi.

Lakini je, mwenyeji ni nani? Wales imo ndani ya dola moja na England, ila ni taifa lenye lugha yake. Barmouth kwa Kiwelisi ni Abermaw, na wenyeji huita Y Bermo. Mwaka 1911 asilimia 43.5 ya watu wa Wales walisema Kiwelisi. Sensa ya mwaka 2021 ilipata asilimia 17.8. Katika Gwynedd, jimbo la Barmouth, walikuwa asilimia 64.4. Wageni wa kiangazi huleta fedha na ajira. Lakini nyumba za vijijini zilipoanza kununuliwa na watu wa mbali na kukaa tupu majira ya baridi, chuki ikazaliwa. Kuanzia mwaka 1979 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya nyumba 200 za mapumziko zilichomwa moto. Tangu Aprili 2023 sheria inaziruhusu halmashauri za Wales kutoza nyumba za pili nyongeza ya kodi ya hadi asilimia 300.

Karavani haichukui nyumba ya kijana wa kijijini, na lango lake hufungwa. Pengine ndiyo maana kambi zimedumu ambako nyumba za pili zilileta uhasama: mgeni wa kambini anajulikana kuwa mgeni, na siku ya kuondoka kwake inajulikana.

Sasa bahari nayo inadai haki yake. Ng'ambo ya mto kutoka Barmouth kipo kijiji cha Fairbourne, ambako baadhi ya wakazi ni wastaafu waliohamia kutoka katikati ya England. Mpango wa pwani uliopitishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kijiji hakitalindwa daima dhidi ya maji, na mwaka 2054 ukatajwa kuwa kikomo. Waliokwenda kwa msimu wakaamua kubaki, leo wanaambiwa hata makao yao yana msimu.

Treni kutoka Birmingham bado hufika Barmouth kupitia daraja lile la mwaka 1867. Abiria hushuka na mizigo yao, wakiwa na nyumba zao wenyewe zinazowangoja katika ardhi ya watu wengine. Mvuvi wa Kojani angewaelewa bila mkalimani.